Deni la Serikali kwa Watu wa Masijala
Mhadhara juu ya pensheni za watumishi wa mahakama, uliotolewa Nanyuki

Nimetakiwa nizungumze juu ya pensheni za watumishi wa mahakama waliodumu kazini miaka mingi, na nimelikubali somo hili kwa moyo mkunjufu, ijapokuwa najua halina wapenzi wengi, maadam kijana huliona kuwa ni la wazee, na mzee huliona kuwa ni la Mwenyezi Mungu na Hazina.

Mgeni aingiapo katika mahakama yetu hapa Nanyuki, jicho lake hupanda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha hakimu, na hilo si ajabu, kwa kuwa hapo ndipo hukumu inapotoka. Lakini kabla hukumu haijatamkwa, jambo lile limekwisha pita katika mikono ya watu wengi ambao majina yao hayaandikwi popote: karani wa masijala aliyeipokea hati ya madai na kuipa nambari, tarishi aliyeibeba faili kutoka chumba hiki hadi kile, mpeleka samansi aliyemsaka mdaiwa katika mashamba ya Naro Moru, mpiga chapa aliyeunakili mwenendo wa kesi, mtunza vielelezo aliyelala na wasiwasi wa panga na magunia aliyokabidhiwa, na bawabu aliyefungua mlango kabla ya jua. Hakimu huja na kuhamishwa, kwa kuwa kaida ya kazi yake ni kuzunguka. Mtu wa masijala aghalabu hubaki, naye ndiye anayejua kesi ya mirathi iliyolala tangu zamani imelala katika rafu ya ngapi.

Na mahali kama hapa petu pana kazi nyingine inayostahili kutajwa peke yake, nayo ni kazi ya ukalimani. Nanyuki si mji wa lugha moja. Kutoka Timau huja Wameru, kutoka Doldol huja Wamaasai wa Mukogodo, upande wa Rumuruti huja Wakikuyu, Waturkana na Wasamburu, na njia ya Isiolo hutuletea Waborana na Wasomali; wote hao husimama mbele ya hakimu mmoja, na aghalabu ni karani yule yule aliyeita kesi ambaye husimama katikati akigeuza maneno ya mmoja yawe maneno ya mwingine, huku akijua kwamba neno moja likiteleza mtu anaweza kukaa gerezani miaka kumi. Nchi hii imekwisha kuona uzito wa kazi hiyo. Mnamo Novemba 1956, hapo Nyeri, Jaji Mkuu Sir Kenneth O'Connor, akiwa na washauri wa mahakama watatu Waafrika, aliisikiliza kesi ya mpigania uhuru Dedan Kimathi, na ushahidi wa kesi ile ulipita katika vinywa vya wakalimani kabla ya kuandikwa kwa Kiingereza. Kimathi akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na kumbukumbu za kesi zikapotea machoni pa watu kwa miaka mingi, hata zikadhaniwa hazipo tena, mpaka mwanahistoria Julie MacArthur alipozichapisha kitabuni mwaka 2017. Naitaja habari hii kwa sababu tunapenda kusema kwamba mahakama ni jaji na sheria, ilhali baada ya jaji kufa na sheria kufutwa kinachobaki ni karatasi, na karatasi haijitunzi.

Sasa tuone mtu huyu hulipwa nini atokapo.

Kwa wengi wa wale waliostaafu mpaka hivi leo, kipimo kimekuwa ni Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1946, siku za ukoloni, na ambayo hesabu yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Chukua mshahara wa msingi wa mwaka wa mwisho, ugawe mafungu 480, kisha umpe mtumishi fungu moja kwa kila mwezi mzima aliotumika. Tumfanye mfano karani mmoja asiye na jina, aliyetumika miaka 30 kamili, yaani miezi 360, na mshahara wake wa msingi wa mwisho ukawa shilingi 40,000 kwa mwezi, ambao kwa mwaka ni 480,000: pensheni yake itakuwa 360,000 kwa mwaka, sawa na 30,000 kwa mwezi. Sheria humruhusu aibadili robo ya pensheni hiyo kuwa fedha taslimu kwa kuizidisha mara 20. Robo ni 90,000, na mara 20 ni 1,800,000, nacho ndicho kiinua mgongo anachokwenda nacho nyumbani, na tangu hapo atapokea zile robo tatu zilizobaki, shilingi 22,500 kila mwezi mpaka afe. Aliyetumika chini ya miaka kumi hapati pensheni ya kila mwezi, bali hulipwa bahashishi ya mkupuo mmoja.

Mtaniambia kwamba hesabu hii si mbaya, nami sitabisha. Kwa mtu aliyekaa miaka 30 ni hesabu ya insafu kuliko nyingi ninazozijua duniani. Lakini tazameni vizuri yale maneno mawili, mshahara wa msingi. Posho ya nyumba haimo, wala posho ya usafiri, wala nyinginezo ambazo zimekuwa zikijazwa katika hati ya mshahara mwaka hata mwaka kwa sababu ni rahisi kuziongeza bila ya kuugusa mshahara wenyewe. Hata karani aliyezoea kuiendesha nyumba yake kwa jumla ya mapato yote hustaafu akajikuta anahesabiwa kwa sehemu tu ya yale aliyokuwa akiyala. Naye hukutana na ukweli huo akiwa na umri wa miaka 60 (umri uliokuwa 55 mpaka ulipopandishwa mwaka 2009), katika mji ambao kodi za nyumba, kwa ajili ya utalii na kambi za askari wa nchi mbili, hazikuwahi kumngoja mtu. Nyongeza ya pensheni nayo ni asilimia 3 kila baada ya miaka miwili. Kwa karani wetu wa shilingi 22,500 nyongeza hiyo ni shilingi 675, na kila mwenye kununua unga hapa sokoni anaweza kuimaliza hesabu hiyo mwenyewe.

Hata hivyo si kiasi cha fedha ambacho kimenileta mbele yenu. Kilichonileta ni swali la asili ya fedha hizo: je, mstaafu anapozifuata, anafuata haki yake au anafuata fadhila?

Sheria ya kikoloni ilijibu bila ya haya. Ilijengwa juu ya kielelezo cha Waingereza, ambao katika sheria yao ya mwaka 1834 juu ya malipo ya uzeeni ya watumishi wa serikali waliweka wazi kwamba hakuna mtumishi mwenye haki kamili ya kudai malipo kwa ajili ya utumishi wake uliopita. Mfalme humpa atakaye, na akimnyima hashtakiwi. Kanuni hiyo ilisafirishwa katika makoloni yote pamoja na mihuri na kofia za mahakimu, na Kenya nayo ikaipokea. Maana yake ilikuwa kwamba karani hata akitumika miaka 29 kwa uaminifu, akafukuzwa mwaka wa thelathini kwa kosa la faili moja kupotea, alitoka mlangoni mikono mitupu, miaka yake yote 29 ikiwa imepeperuka pamoja na ile faili. Na katika utumishi wa mahakama jambo hilo si mfano wa darasani, maana faili kupotea ilikuwa ni ugonjwa wa masijala zetu kwa muda mrefu, na aliyeipoteza hakuwa siku zote ndiye aliyeitia sahihi mara ya mwisho.

Naam, sheria imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, na Katiba ya mwaka 2010 imeipindua misingi yake: Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, Kifungu cha 47 kinampa haki ya kuhudumiwa na ofisi za serikali kwa njia ya haraka, ya sheria na ya insafu, na Kifungu cha 57 kinaitaka dola iwatunze wazee kwa staha. Mawakili wenzetu mlio hapa mnazijua hoja hizi kuliko mimi. Lakini sheria hubadilika kwa kalamu, ilhali tabia ya dirishani hubadilika kwa vizazi. Mtazameni mstaafu anavyokwenda Nairobi, katika Idara ya Pensheni iliyo Bima House: anaondoka hapa alfajiri kwa matatu, amevaa koti lake la kazini, amekumbatia bahasha, na anapofika kaunta huanza kwa kuomba radhi. Yeye aliyekuwa akiwaita watu wengine mbele ya hakimu kwa sauti ya kutetemesha chumba, leo anamwambia kijana wa miaka 25, "Samahani, mwanangu, kama hutajali." Hakuna kifungu cha sheria kilichomfundisha unyenyekevu huo; amefundishwa na mazoea ya miaka mingi ya kutendewa kana kwamba anaomba.

Sasa linganisheni na jaji, ambaye hukaa katika jengo lile lile, chini ya paa lile lile. Kifungu cha 160 cha Katiba kinasema kwamba mshahara na marupurupu ya jaji hutoka katika Mfuko Mkuu wa Serikali, na kwamba mafao ya jaji mstaafu hayawezi kubadilishwa kwa namna ya kumdhuru maadam yu hai. Ni kinga njema, nami naiunga mkono kwa dhati, kwa sababu jaji anayeuogopa uzee wake huweza kushawishika na mwenye fedha. Jaji hutoka akiwa na miaka 70, naye akitaka anaweza kutoka tangu 65. Na jambo hilo la umri lilikuwa zito kiasi kwamba Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi, walioajiriwa chini ya Katiba ya zamani, wakati umri wa kustaafu ulipokuwa miaka 74, walilipigania kutoka Mahakama Kuu mpaka Mahakama ya Juu, likamalizika katikati ya mwaka 2016 kwa wote wawili kuondoka. Taifa zima lilifuatilia kesi ile, magazeti yakaandika asubuhi na jioni. Lakini mwaka huo huo wa 2016 walistaafu makarani, matarishi na wakalimani katika kila kituo cha nchi, na ikiwa mmoja wao alihesabiwa miaka yake kwa upungufu, hakuna gazeti lililoandika.

Hoja ninayoitoa ni hii: sababu ile ile iliyomfanya jaji akingwe ndiyo inayomtaka karani akingwe. Nani anajua faili iliko? Nani huiweka kesi katika orodha ya leo au ya mwezi ujao? Nani hupokea hati ya dhamana? Mwenye nia ya kuinunua haki hapandi kwanza kwa jaji. Huanza masijala, na huanza kwa mtu ambaye amebakiza miaka mitatu atoke, ana watoto wawili chuoni, na amekwisha wasikia waliomtangulia wakisimulia jinsi walivyongoja. Katika kupambana na rushwa mahakamani tumetunga kanuni, tumeunda kamati za ukaguzi, tumeweka visanduku vya malalamiko, na hayo yote yana faida yake. Lakini sijaona mahali ambapo uhakika wa pensheni ya mtu wa masijala umehesabiwa kuwa ni sehemu ya uhuru wa mahakama. Hata hakimu, ijapokuwa yeye hukaa kitini na kuhukumu, si "jaji" kwa mujibu wa Kifungu kile cha 160, na kwa hiyo hamo katika kinga hiyo. Tume ya Huduma za Mahakama, ambayo Kifungu cha 172 kimeipa mamlaka ya kuwaajiri na kuwaadibu mahakimu, wasajili na watumishi wengine wote, ina mkono mrefu katika kuingia kwao na katika adhabu zao. Katika kutoka kwao mkono huo hufupika, kwa kuwa fedha za uzeeni zi mikononi mwa Hazina.

Hapa tuzungumze juu ya karatasi, na naomba mniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoumia.

Mtumishi anayekaribia kutoka hutakiwa kuanza kuandaa hati zake miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Na hati zinazotakiwa ni pamoja na barua ya kuajiriwa kwa mara ya kwanza, barua ya kuthibitishwa katika ajira ya kudumu yenye pensheni, hati ya mwisho ya mshahara, kitambulisho, nambari ya kodi, nambari ya akaunti ya benki, na cheti kinachoonyesha kwamba hadaiwi na serikali. Orodha hii ikisomwa katika chumba kama hiki huonekana nyepesi. Lakini mtu aliyeajiriwa kuwa tarishi akiwa kijana, akahamishwa Maralal, kisha Nyeri, kisha Embu, kisha akarudi Nanyuki, na katika kila uhamisho faili yake binafsi ikafuata nyuma kwa basi au haikufuata kabisa, barua ile ya kuthibitishwa ataitoa wapi? Wengi waliingia kazini kama vibarua, wakakaa hivyo miaka kadhaa, na ile siku waliyogeuzwa kuwa watumishi wa kudumu imebaki katika kumbukumbu zao tu. Jina nalo huleta takalifu: kitambulisho kinasema hivi, barua ya ajira inasema vile, kwa sababu karani wa zamani aliliandika jina la Kikuyu au la Kimeru kama sikio lake lilivyolisikia, basi mzee huyo hulazimika kwenda kula kiapo mbele ya kamishna wa viapo, katika mahakama ile ile aliyoitumikia, kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Sijui kama kuna kejeli kubwa kuliko hiyo: mtu aliyetunza hati za maelfu ya wananchi kwa miaka 30 anaambiwa kwamba hati yake mwenyewe haionekani. Ni sawa na mpishi wa harusi kurudi nyumbani na njaa.

Na muda unaopita katika kutafuta si muda mtupu. Pensheni ikichelewa mwaka mmoja, ile 22,500 ya kila mwezi humfikia hatimaye kama malimbikizo, lakini katika mwaka huo amekwisha kopa kwa riba, au ameuza ng'ombe, au amemtoa mtoto shuleni, na hakuna sheria inayomrudishia mambo hayo. Walimu wa nchi hii walituonyesha kuchelewa kunavyoweza kuwa: waliostaafu baada ya mapatano ya mishahara ya mwaka 1997, ambao pensheni zao hazikuhesabiwa kwa mishahara ile mipya, walikwenda mahakamani, wakapata ushindi katika Mahakama Kuu ya Nakuru mwaka 2008, na baada ya ushindi huo wakaendelea kungoja, wengi wao wakafa wangali wanangoja. Na nani aliyezipokea hati zao za madai na kuzipiga mhuri, kama si karani ambaye naye siku zake zilikuwa zinahesabika?

Na kungoja huko si kwa Kenya peke yake, kwa kuwa utumishi wa mahakama Afrika Mashariki haukukaa siku zote ndani ya mpaka mmoja. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alikuwa kadhi Unguja kabla ya kuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na akafia Oman mwaka 1982. Na chini ya watu wa cheo chake walikuwako makarani waliofuata njia zizo hizo. Fauka ya hayo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake Nairobi na kusikiliza rufaa za Kenya, Uganda na Tanzania, ilikuwa ni taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mahakama hiyo ilivunjika pamoja na reli, bandari na posta. Majaji walipata viti vingine. Watumishi wa Jumuiya kwa jumla yao waliingia katika orodha ya wadai wa shirika lililokufa. Ikangojewa miaka saba mpaka mapatano ya kugawana mali na madeni yalipotiwa sahihi Arusha mnamo Mei 1984, ambapo kila nchi ilikubali kuwalipa raia zake pensheni zao. Kukubali ni jambo moja. Nchini Tanzania watumishi hao wa zamani zaidi ya 31,000 walilazimika kwenda mahakamani mwaka 2003, wakafikia suluhu mwaka 2005, yaani miaka 28 baada ya kuvunjika, na hata baada ya suluhu hiyo wako walioandamana barabarani Dar es Salaam wakidai kwamba hesabu haikutimia. Aliyekuwa na miaka 50 Jumuiya ilipovunjika alikuwa na 78 suluhu ilipopatikana. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa, na watu hao walijaribishiwa kila dawa nyingine kwanza.

Mtauliza: je, mpango mpya haujayaondoa haya? Tangu tarehe 1 Januari 2021 imeanza kutumika ile sheria ya mwaka 2012 iliyoanzisha mfuko wa uzeeni wa utumishi wa umma, ambao mtumishi aliyekuwa chini ya miaka 45 siku hiyo aliingizwa kwa lazima, na aliyefikia umri huo au kuupita akapewa hiari. Mtumishi alianza kukatwa asilimia 2 ya mshahara mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili, na 7.5 tangu wa tatu, na serikali humwekea asilimia 15. Mimi nauona mpango huu kuwa ni hatua ya kweli, na faida yake kubwa si ya hesabu bali ni ya hadhi, kwa kuwa fedha iliyokatwa katika mshahara wa mtu na kuandikwa kwa jina lake haiwezi tena kuitwa ihsani. Ni akiba yake, ni amana iliyo katika dhima ya wadhamini, na akiifuata hafuati huruma ya mtu. Lakini kila kitu kina upande wa pili. Katika mpango wa zamani, soko likianguka, serikali ndiyo iliyobeba hasara, na karani alijua fungu lake la 480 halibadiliki. Katika mpango mpya, anachopata hutegemea kilichowekwa, kikawekezwa vizuri au vibaya, na kikafikishwa mfukoni kwa wakati au kwa kuchelewa. Kwa hiyo anayekatwa anapaswa kuitaka taarifa ya akaunti yake kila mwaka na kuisoma kama anavyosoma mwenendo wa kesi, akiangalia kwamba ile 15 ya serikali imeingia kweli, mwezi kwa mwezi.

Jirani zetu wametufundisha pia kwamba hesabu ya pensheni si jambo la wataalamu peke yao. Tanzania ilipoiunganisha mifuko yake mwaka 2018 na kuleta kikokotoo kipya kilichopunguza malipo ya mkupuo kutoka nusu hadi robo kwa wale waliokuwa wakipata nusu, watumishi walipaza sauti mpaka Rais Magufuli akakisimamisha mwezi Desemba mwaka huo huo. Mwaka 2022 kikaja cha asilimia 33, na mwaka 2024 kikapandishwa kufika 40 kwa kundi hilo. Mtu anaweza kusema kwamba malipo makubwa ya mkupuo ni hasara ya baadaye, na kwa kalamu na karatasi atakuwa amesema kweli. Lakini aliyetoka kazini bila nyumba, ambaye ile 1,800,000 ndiyo fursa yake ya pekee ya kununua kiwanja huku Likii au Majengo na kujenga vyumba viwili vya kupangisha, ana hesabu yake pia, wala si mjinga kwa kuifuata.

Na mjane. Mstaafu akifa, wategemezi wake huendelea kulipwa pensheni yake kwa miaka mitano. Baada ya hapo, ikiwa marehemu alikuwa akichangia ule mfuko wa wajane na watoto kwa kukatwa asilimia 2, mke hupata fungu dogo la mfuko huo. Mjane huyu aghalabu hajui hata mumewe alikuwa na nambari gani ya pensheni. Ataanzia kwa chifu kuchukua barua, aende kwa msajili wa vifo, aende benki, na akifika Nairobi ataulizwa barua ile ile ya kuthibitishwa ambayo mumewe mwenyewe aliitafuta kwa jasho. Ningependa sana kila mume aliyemo humu ndani, akitoka hapa, amwonyeshe mkewe bahasha ilipo, na kila mke mwenye kazi amwonyeshe mumewe yake. Nanyuki hatuna desturi ya kuzungumza mezani juu ya kufa, na kukosa desturi hiyo kunatugharimu.

Kuna pingamizi moja ambalo nisingependa kulikwepa. Wako watakaosema, na nimekwisha kulisikia likisemwa, kwamba mnawalilia makarani wenye pensheni ilhali wazee wengi wa Laikipia hawana hata shilingi, na kwamba mchungaji wa Doldol aliyefikisha miaka 70 hupata shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa Inua Jamii, siku zinapokuja, na Unguja nako wazee wa umri huo walianzishiwa mwaka 2016 pensheni ya shilingi 20,000 za Tanzania ambazo hazikuwa nyingi kuliko hizo. Ni kweli, na ni aibu yetu sote. Lakini ya mchungaji ni huruma ya jamii kwa mwanajamii wake, na inapasa kuongezwa. Ya karani ni ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya, uliozuiliwa kwa ahadi kwamba atalipwa baadaye, na mwajiri wake ni dola yenyewe, tena ule mkono wa dola unaowahukumu waajiri wengine wanapochelewesha mishahara. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hukaa Nyeri, si mbali na hapa, na kila wiki huamua kesi za namna hiyo dhidi ya mashamba ya maua na viwanda vya chai. Mahakama haiwezi kuyasema hayo kwa wengine huku watu wake wenyewe wakihangaika vichochoroni.

Ninachokitaka kutoka kwa wakuu wa vituo ni kidogo, na hakingojei Bunge. Kila kituo kiwe na daftari la watumishi wake wote, lenye tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kuthibitishwa na kila uhamisho, na nakala ya barua zenyewe. Daftari hilo lisomwe na mtumishi mwenyewe kila baada ya miaka mitano na kutiwa sahihi, ili kosa la jina au la tarehe lionekane mtu angali na miaka 35, wakati aliyemwajiri bado yu hai na anaweza kuulizwa. Masijala inayoweza kuitunza faili ya kesi ya ardhi kwa miaka 20 haishindwi na jambo hilo. Na ninyi mnaotimiza miaka 60 mwaka ujao msingoje daftari hilo: kesho asubuhi, kabla ya kuita kesi ya kwanza, fungueni kabati mtazame kama barua ya kuthibitishwa ipo, na kama haipo, andikeni Nairobi kesho hiyo hiyo, mkabaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.